Daktari Kirk na Sumu ya Mishale

Hapa kwetu Nawoitorong, Lodwar, nyanya yangu hupiga mswaki kwa kijiti cha esekon. Likizo iliyopita alikuja mgeni kumwuliza kuhusu dawa za mbuzi na za watoto. Nyanya akamwonyesha mizizi yote. Mgeni akaandika, akapiga picha, akaenda zake. Mimi nikamkumbuka Daktari John Kirk, yule wa somo la historia.

Kirk alizaliwa Uskoti mwaka wa 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Mwaka wa 1858 alifuatana na David Livingstone hadi mto Zambezi akiwa daktari na mkusanyaji wa mimea. Huko, wenyeji walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe. Kirk aliweka sumu kidogo pamoja na mswaki wake. Siku moja alipopiga mswaki, lo! Mapigo ya moyo wake yakapungua. Kumbe sumu hiyo ina nguvu juu ya moyo!

Sumu hiyo ilifika Edinburgh. Huko Profesa Thomas Fraser akaichunguza, akatoa strofanthini, ikawa dawa ya ugonjwa wa moyo. Viwanda vikauza. Na wale wenye mishale je? Wakati ule hapakuwa na sheria ya kuwagawia hata senti. Neno lao tu, kombe, ndilo lililobaki katika jina la kisayansi la mmea.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kirk huyo huyo, akiwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alimbana Sultani Barghash hadi akatia sahihi mkataba wa 1873 uliofunga masoko ya watumwa. Alifariki mwaka wa 1922.

Lakini wenye mishale nao wana haki yao. Siku hizi kuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka wa 2010, ambayo Kenya imeiridhia. Anayetaka mimea na maarifa ya wenyeji sharti aombe ruhusa kwanza, kisha wapatane jinsi ya kugawana faida. Tena tuna sheria yetu ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi.

Kwa hivyo wenzangu, mgeni akija mpeni kiti, mpeni maji. Mizizi ingoje kwanza. Muulizeni ruhusa yake iko wapi. Mimi nimeshanunua daftari. Naandika jina la kila mti na kazi yake, na juu ya kila ukurasa naandika jina la nyanya.