Miaka Mitano na Siku Moja

Wengi wetu tunamkumbuka Nelson Mandela kwa ile picha ya Februari 11, 1990: mzee wa mvi akitoka gereza la Victor Verster, karibu na Paarl, ameshikana mikono na mkewe Winnie, ngumi juu. Lakini hebu turudi nyuma kidogo, maana mzee huyu angeweza kutoka mapema.

Januari 1985 Rais P. W. Botha alitangaza bungeni kwamba atamwachilia, mradi tu akane matumizi ya nguvu katika siasa. Mandela alikuwa na miaka 66. Ameshakaa ndani zaidi ya miaka 22, mingi yake kisiwani Robben, akichimba chokaa kwenye mwanga mkali uliomharibu macho. Mama yake alifariki 1968. Mwaka uliofuata mwanawe Thembi akafa kwa ajali ya gari. Mazishi yote mawili alinyimwa ruhusa. Sasa mtu kama huyo anafunguliwa mlango! Mimi, kusema kweli, ningeanza kutafuta viatu vyangu.

Yeye alikataa. Februari 10 binti yake Zindzi alisimama katika uwanja wa Jabulani, Soweto, akausomea umati jibu la baba. Chama chake, ANC, bado kilikuwa marufuku. Watu weusi walikuwa hawana kura, na walitembea na pasi kama babu zetu na kipande. Atoke aende kuwa huru wapi? Mkisoma habari za Paulo na Sila kule Filipi mtaona jambo linalofanana na hili.

Akabaki miaka mitano na siku moja zaidi. Akiwa bado mfungwa alianza mazungumzo na serikali, na wenzake wengine wakamshuku. Hatimaye, Februari 2, 1990, Rais F. W. de Klerk akaondoa marufuku ya ANC. Siku tisa baadaye ndipo mzee akatoka.

Na si kwamba amani ilikuja hapo hapo. Maelfu waliuawa miaka iliyofuata. Aprili 1993 Chris Hani alipopigwa risasi nje ya nyumba yake, nchi ilikuwa karibu kuwaka. Usiku huo Mandela, ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini, ndiye aliyesimama kwenye televisheni kuwasihi watu watulie.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 27, 1994, alienda shule ya Ohlange, karibu na Durban, akapiga kura. Alikuwa na miaka 75, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza.