Sir Harry Johnston: Siasa na Sayansi katika Maisha ya Mtawala Mmoja

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka 10 ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika, yafaa wanachama wasome pia habari za mtu ambaye kazi yake imeacha alama katika nchi yetu. Mtu huyo ni Sir Harry Hamilton Johnston, Mwingereza, mtawala wa kikoloni na mtaalamu wa wanyama, mimea na lugha. Mimi nikiwa katibu, kazi yangu ni kuandika majina, kupima na kutunza hati. Kwa hiyo maisha ya mtu huyu, aliyetawala kwa kalamu kuliko kwa bunduki, yamenifikirisha sana.

Johnston alizaliwa London tarehe 12 Juni 1858. Alikuwa mtu wa kimo kifupi, mwepesi wa kujifunza lugha, na tangu ujana wake alipenda kuchora ndege na wanyama. Alisoma uchoraji katika chuo cha Royal Academy. Mwaka 1882 alisafiri kwenda Angola, na mwaka uliofuata akafika katika mto Kongo, alikokutana na Stanley.

Mwaka 1884 vyama vya wanasayansi wa Uingereza vilimtuma Kilimanjaro kukusanya mimea na wanyama. Alikaa kwanza kwa Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara. Kazi aliyotumwa aliifanya kwa bidii, hata mmea mmoja mkubwa wa mlima ule ukapewa jina lake katika vitabu vya elimu ya mimea. Lakini katika miezi hiyo hiyo aliiandikia serikali yake kuishawishi iitwae nchi ile, na akafanya mapatano ya ardhi na wakuu wa huko. Hapo ndipo siasa na sayansi zilipoanza kusafiri katika mzigo mmoja. Hata hivyo, katika mapatano ya mwaka 1886 Kilimanjaro iliwaangukia Wajerumani.

Mwaka 1889 Johnston, akiwa Balozi mdogo wa Uingereza katika Msumbiji, alifika pande zetu, akisaidiwa na fedha za Cecil Rhodes. Katika Karonga alifanya suluhu kati ya kampuni ya Waskoti na Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, waliokuwa wakipigana tangu mwaka 1887. Kisha akapanda nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, akafika pia Ziwa Rukwa. Njiani aliandika maneno ya lugha za wenyeji na habari za nchi. Njiani humo humo aliwatia wakuu alama katika karatasi za mapatano, ambazo wao wenyewe hawakuweza kuzisoma.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba katika Berlin. Mpaka ukakatwa kuanzia mdomo wa mto Songwe, yaani ule umwagao maji yake katika Ziwa Nyasa, wala si ule uendao Rukwa, hata kufika kusini mwa Ziwa Tanganyika. Njia ya Stevenson, iliyoanza kujengwa mwaka 1881 ili kuunganisha maziwa hayo mawili, ilibaki upande wa Waingereza. Mwaka 1898 wapimaji walikuja kuuweka mpaka huo juu ya ardhi. Ndiyo sababu Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde, ukoo mmoja katika nchi mbili.

Kutoka mwaka 1891 hata 1896 Johnston alikuwa Komishna wa nchi ambayo leo ni Malawi. Haki yake tumpe: alipigana na biashara ya watumwa, ambayo ilikuwa imeharibu vijiji vingi. Lakini walowezi walimletea karatasi wakidai kuwa wamenunua maelfu ya ekari kwa vitambaa na bunduki. Alizichunguza moja moja, akapunguza baadhi ya madai, akaandika sharti kwamba vijiji vilivyokuwamo visiondolewe. Kisha akawapa hati. Sharti lile halikushikwa. Wakulima walijikuta wakitumika katika mashamba ya wageni kwa thangata, kazi ya kulipia kodi ya ardhi waliyoilima babu zao. Uchungu huo ulikuwa miongoni mwa sababu za mapigano ya John Chilembwe mwaka 1915.

Mwaka 1899 alipelekwa Uganda. Tarehe 10 Machi 1900 alitia sahihi mapatano na wakuu wa Buganda, wakati Kabaka Daudi Chwa alipokuwa bado mtoto. Nchi ilikadiriwa kuwa maili za mraba 19,600 hata kabla haijapimwa. Maili 9,000 ziliwekwa chini ya serikali, na 8,000 zikagawiwa wakuu na wenye mashamba 1,000. Mkulima wa kawaida hakupewa hati. Alipewa kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba.

Wakati huo huo Johnston aliwasikia Wambuti wa msitu wa Ituri wakieleza habari za mnyama asiyejulikana Ulaya. Alipata vipande vya ngozi, kisha ngozi nzima na mafuvu, akavipeleka London. Mwaka 1901 mnyama huyo, okapi, aliandikwa katika vitabu vya sayansi kwa jina la Johnston. Wambuti walikuwa wakimjua na kumwinda tangu zamani, ila hawakuwa na kitabu cha kumwandika.

Baada ya kuacha kazi ya serikali aliandika vitabu vingi. Kikubwa kati yavyo ni uchunguzi wa lugha za Kibantu, uliotoka katika mabuku mawili, mwaka 1919 na 1922. Alifariki tarehe 31 Julai 1927.

Ndugu wanachama, hatuwezi kusema kwamba elimu yake ilikuwa ya uongo. Orodha zake za maneno zinawafaa wataalamu hata leo. Kosa halikuwa katika kupima na kuandika. Kosa lilikuwa kwamba aliyepima alikuwa mmoja, naye ndiye aliyeandika, naye ndiye aliyeishika karatasi, na mwenye shamba hakuulizwa.

Basi mwanachama anaposimama mbele ya mizani siku ya kuuza kahawa, asione haya kutazama mshale na kudai stakabadhi yake. Kiongozi asikasirike anapoombwa daftari katika mkutano mkuu. Na shamba lisilopimwa lipimwe, jirani zote wakiwapo. Kalamu iliyoandika mipaka yetu ilikuwa mkononi mwa mgeni. Ya chama hiki imo mikononi mwetu, nasi tutaulizwa na watoto wetu tumeandika nini.