Mtakatifu Vladimir wa Kiev: Wongofu wa Mtawala, Ubatizo wa Taifa

Kila tarehe 15 Julai Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Vladimir, mtawala wa Kiev, ambaye ubatizo wake mwaka 988 ni chemchemi ya imani na utamaduni wa Warusi, Waukraine na Wabelarusi. Maisha yake hayakuanza katika utakatifu. Ndiyo maana yanatufaa sisi tulio wakosefu.

Vladimir alizaliwa yapata mwaka 958. Baba yake, Svyatoslav, alikuwa mtawala wa Kiev. Mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya bibi yake, Mtakatifu Olga. Bibi huyo alikuwa amekwisha kubatizwa, lakini mwanawe aliikataa imani, na mjukuu akakulia katika upagani.

Svyatoslav alipouawa mwaka 972, wanawe walipigania urithi. Vladimir alikimbilia Skandinavia, akarudi na askari wa kukodiwa. Aliuteka mji wa Polotsk, akamuua mtawala wake na kumtwaa binti yake, Rogneda, kwa nguvu. Kisha kaka yake Yaropolk, aliyekuja kwake kutafuta amani, akauawa kwa hila. Akiwa ameshika madaraka yote, Vladimir alisimamisha sanamu za miungu kilimani Kiev, ya kwanza ikiwa ya Perun, mungu wa radi. Mwaka 983 Wakristo wawili, baba na mwana, waliuawa mjini humo kwa sababu baba alikataa kumtoa mwanawe awe sadaka kwa miungu hiyo. Damu yao haikumwagika bure.

Miaka mitano baadaye, Basili wa Pili, Kaisari wa Konstantinopoli, alizingirwa na waasi, akaomba msaada. Vladimir alimpelekea askari wapatao 6,000, naye akaahidiwa kumwoa Anna, dada wa Kaisari, kwa sharti la kubatizwa. Hatuna budi kukiri kwamba siasa ilikuwamo katika jambo hilo. Hata hivyo, Mungu huweza kuingia hata kwa mlango uliofunguliwa kwa nia isiyo kamili. Vladimir alibatizwa kwa jina la Basili, akaamuru sanamu ziangushwe, na ile ya Perun ikatupwa katika mto Dnieper. Katika maji ya mto huo huo watu wa Kiev wakabatizwa, ingawa wengine walikwenda kwa kumwogopa mtawala kuliko kwa kumjua Kristo.

Matunda ya wongofu wake yalionekana katika matendo. Aliwaacha wake zake wengi. Alijenga kanisa kwa heshima ya Bikira Maria, akalitengea sehemu ya kumi ya mapato yake. Maskini walilishwa katika jumba lake, na kwa wagonjwa wasioweza kutembea alituma mikokoteni yenye mikate, nyama na samaki. Mtu aliyemwaga damu ya ndugu yake sasa alisita kuwaua hata wanyang'anyi. Mwaka 1008 alimpokea kwa ukarimu Mtakatifu Bruno wa Querfurt, askofu mmisionari kutoka Magharibi, maana Kanisa lilikuwa bado halijatengana.

Pamoja na imani zilikuja pia ibada na maandiko katika lugha ya Kislavoni, matunda ya kazi ya Watakatifu Sirili na Methodi. Hivyo watu walimsifu Mungu kwa lugha waliyoielewa, na kutokana na hayo yakachanua maandishi, picha takatifu, nyimbo na utawa wa nchi hizo.

Vladimir alifariki dunia tarehe 15 Julai 1015. Mwaka huo huo wanawe Boris na Gleb waliuawa katika ugomvi wa kurithi kiti, lakini hawakuinua silaha dhidi ya ndugu yao. Baba alikuwa amepata kiti kwa damu ya kaka yake. Wana walipenda kufa kuliko kufanya hivyo.

Mwaka 1988 Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha pamoja na Kanisa zima milenia ya ubatizo huo. Leo watoto wa kisima hicho kimoja wanamwaga damu, na kila upande unamtaja Vladimir kuwa wake. Ubatizo haumpi mtu haki ya kumtawala jirani yake. Humfanya kuwa ndugu yake. Tuwaombee amani, nasi tujiulize kama maji tuliyobatizwa nayo yamebadili namna tunavyowatendea ndugu zetu.

Mtakatifu Vladimir, utuombee.