Fundi Antonio na Uso wa Gitaa

Watu wa Liuli na Mbamba Bay wanajua kazi ya kuchonga mtumbwi. Fundi huchimba gogo kwa tezo. Akiacha ukuta mnene, mtumbwi huwa mzito. Akizidisha kuchonga, ukuta hutoboka na kazi yote hupotea.

Fundi wa gitaa naye ana shida kama hiyo. Ubao wa mbele wa gitaa, wenye tundu la duara, tuuite uso. Uso ukiwa mnene, nyuzi haziwezi kuutikisa, na sauti hufifia. Ukiwa mwembamba mno, nyuzi huuvuta mpaka upinde. Nyuzi sita huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi, karibu nusu ya uzito wa gunia la mahindi!

Seremala mmoja wa Hispania, nchi ya Ulaya, alishughulika na shida hiyo kwa miaka mingi. Jina lake Antonio de Torres.

Alizaliwa tarehe 13 Juni 1817, karibu na mji wa Almería. Alijifunza useremala tangu utotoni. Alioa mwaka 1835, lakini maisha yalikuwa magumu. Watoto wake wawili walikufa wakiwa wadogo. Mwaka 1845 mke wake naye akafa kwa kifua kikuu. Antonio akahamia mji mkubwa wa Sevilla, na huko akafungua karakana ya magitaa. Mwaka 1858 alipewa nishani ya shaba kwenye maonyesho.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kwa uso wa gitaa alichagua mbao nyepesi za mti wa jamii ya msonobari. Kipande cha mti kilipasuliwa mbao mbili, zikafunguliwa kama kurasa za kitabu, zikaunganishwa kwa gundi. Kwanza ubao hupigwa randa. Lakini randa huweza kuchimba mti laini. Kwa hiyo mwishoni fundi hutumia bapa la chuma lenye makali, akakwangua maranda membamba tu. Baadhi ya nyuso za Antonio zina unene wa milimeta 2 na nusu katikati. Pembeni ni nyembamba zaidi.

Ndani ya uso alibandika vijiti saba, vimetandazwa kama vidole vya mkono. Vijiti hivyo huushika uso usipinde. Wengine walivitumia kabla yake, lakini yeye alivipanga vizuri zaidi, akaufanya uso kuwa mpana na mwepesi.

Je, sauti hutoka usoni, au mbavuni na mgongoni? Mpiga ngoma anajua kwamba ngozi ndiyo hulia. Mwaka 1862 Antonio alifanya jaribio. Alitengeneza gitaa lenye mbavu na mgongo wa karatasi ngumu. Uso tu ndio ulikuwa wa mbao nzuri. Gitaa likalia! Siku hizi mpingo wetu wa kusini hutumika kwa mbavu na migongo ya magitaa ya bei kubwa. Lakini kwa uso mpingo haufai, ni mzito mno.

Mwaka 1869 kijana Francisco Tárrega alikwenda kununua gitaa. Inasimuliwa kwamba Antonio alimpa kwanza gitaa la kawaida. Alipomsikia akipiga, akalirudisha, akamletea lile alilojitengenezea mwenyewe mwaka 1864. Tárrega akawa mpigaji mashuhuri.

Sifa hizo hazikumshibisha fundi. Mnamo mwaka 1870 alirudi Almería, akafungua duka la vyombo vya udongo. Baada ya miaka mitano hivi akarudia magitaa. Uzeeni mikono ilitetemeka, na rafiki yake kijana akamsaidia kazi ndogondogo. Watu walimwuliza siri yake. Aliwajibu kwamba siri imo katika ncha za kidole gumba na cha shahada, zinazopapasa ubao na kujua unene wake.

Antonio alifariki tarehe 19 Novemba 1892, akiwa na miaka 75. Gitaa la karatasi limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Barcelona.