Kellogg: Alikataa hongo, akawa kocha akiwa kwenye kiti mwendo

Januari 1951, Junius Kellogg alikuwa na urefu wa mita mbili na ushee, mfuko mtupu na kibarua cha kuuza aiskrimu karibu na chuo chake, Manhattan College, New York. Ndipo mchezaji mwenzake wa zamani akamfuata na ofa ya dola 1,000.

Kazi yenyewe? Mechi ya kikapu dhidi ya DePaul acheze chini ya kiwango, pengo la pointi likae wanavyotaka wacheza kamari. Wanaosuka mikeka leo hawahitaji maelezo zaidi.

Jamaa akagoma. Kijana huyo wa Portsmouth, Virginia, mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea timu hiyo, alikwenda kwa kocha wake, Ken Norton, na ishu ikafika kwa waendesha mashtaka. Usiku wa mechi, Madison Square Garden, presha ilimzidi, akacheza ovyo hadi akatolewa. Yaani yule aliyekataa kuuza mechi ndiye aliyeonekana kama kaiuza! Manhattan ilishinda 62-59. Uchunguzi ulipopanuka, wachezaji 32 wa vyuo saba waliumbuka.

Alipomaliza chuo mwaka 1953 alitua Harlem Globetrotters, timu ambayo kila kijana wa kikapu aliiota. Hakuifaidi. Aprili 1954 alipata ajali ya gari huko Arkansas, akapooza. Alikuwa na miaka 27 tu.

Kwa kuwa aliwahi kuwa mwanajeshi, alitibiwa hospitali ya maveterani, Bronx. Baada ya mazoezi ya muda mrefu mikono ilianza kurudi kidogo. Miguu haikurudi.

Kikapu cha viti mwendo kilikuwa bado kichanga. Kilianzishwa Marekani na wanajeshi waliojeruhiwa Vita ya Pili ya Dunia, na si mchezo wa kuoneana huruma. Ringi iko juu vilevile, mita 3.05. Ukisukuma gurudumu mara mbili lazima udunde mpira, na viti vinagongana kama mabeki kwenye kona.

Kellogg akakamata kikosi cha Pan Am Jets cha New York, wachezaji wote wakiwa kwenye viti, na kocha naye kwenye chake. Mtu ambaye hakuweza tena kuonyesha kwa mwili jinsi ya kurusha alifundisha kwa macho na mdomo. Jets wakabeba mataji ya kimataifa.

Nyumbani kwao anatajwa zaidi kwa ile skendo ya 1951, uamuzi wa siku chache tu. Kule kwenye viti alikaa miaka.

Baadaye alikuwa kigogo katika serikali ya jiji la New York, kwenye idara iliyoshughulika na maendeleo ya mitaa ya watu wa kipato cha chini. Alifariki Septemba 1998, akiwa na miaka 71. Miaka 44 kati ya hiyo aliimaliza akiwa amekaa.