Johannes Gutenberg: Jina Lililotoka Katika Nyumba

Zamani katika Mainz, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Rhein, kila nyumba kubwa ilikuwa na jina lake, na watu wa cheo walijulikana kwa jina la nyumba waliyoikaa. Hivyo Johannes, aliyezaliwa karibu na mwaka 1400, hakujulikana sana kwa jina la baba yake, Friele Gensfleisch, maana yake nyama ya bata bukini. Alijulikana kwa jina la nyumba yao, Gutenberg, yaani mlima mwema.

Siku zile huko Ulaya vitabu vingi viliandikwa kwa mkono, na Biblia moja ilimchosha mwandishi kwa muda mrefu. Gutenberg, fundi wa madini, akatengeneza kalibu ya kumiminia herufi za risasi iliyochanganywa na madini mengine. Herufi hizo zilipangwa, zikapakwa wino, zikapigwa chapa kwa shinikizo, kisha zikapangwa upya kwa ukurasa mwingine.

Kazi hiyo ilitaka mali nyingi. Mwaka 1450 tajiri Johann Fust alimkopesha gulden 800, na baadaye 800 nyingine. Biblia ya Kilatini, yenye mistari 42 katika kurasa zake nyingi, ilipokuwa inatimia, nakala 180 hivi, Fust akamshtaki kwa deni. Mwaka 1455 Gutenberg akashindwa katika hukumu.

Biblia ile haikutaja jina lake. Mwaka 1457 kilitoka Mainz kitabu cha Zaburi chenye majina ya wapiga chapa: Fust na Peter Schöffer, aliyekuwa mfanyakazi wa Gutenberg. Mwenye kuvumbua hakutajwa.

Mwaka 1462 Mainz ilitekwa vitani, na mafundi wengi wakatawanyika, wakichukua ufundi wao. Mwaka 1465 Wajerumani wawili walikuwa wakipiga chapa katika monasteri ya Wabenedikto ya Subiaco, Italia. Mwaka uleule Askofu Mkuu Adolf wa Nassau alimwekea mzee Gutenberg posho ya kila mwaka: mavazi, nafaka na divai. Alifariki mwaka 1468, akazikwa katika kanisa la Wafransisko. Hajulikani mtoto wake hata mmoja aliyerithi jina.

Lakini mwaka 1505 Johann Schöffer, mwana wa Peter na mjukuu wa Fust, alikiri katika kitabu alichokipiga chapa kwamba ufundi ule ulivumbuliwa na Gutenberg, ingawa baadaye alimpa babu yake sifa hiyo. Leo chuo kikuu cha Mainz, kilichofunguliwa tena mwaka 1946, chaitwa kwa jina la Gutenberg. Hata bonde moja la mwezini limepewa jina hilo.

Jina la nyumba moja limeenea duniani pasipo uzao wala mali. Kazi iliyowafaa watu ndiyo iliyolibeba.