Robert Wangila: Dhahabu ya Seoul iliyozua ubishi wa nani bora

Na Mwandishi Wetu, Babati

KATIKA vijiwe vya kahawa mjini Babati, mazungumzo ya ngumi huanza kwa mzaha na kuishia kwenye ubishi. Mmoja humtaja bondia wa uzito wa juu, mwenzake humtetea bondia mwembamba wa kilo hamsini na kitu, na hakuna anayekubali kushindwa, kwa sababu wawili wanaobishaniwa hawawezi kupandishwa ulingo mmoja.

Mashabiki wa mchezo huo duniani wamelitafutia swali hilo mizani yake, nayo huitwa ubora wa ratili kwa ratili. Maana yake ni kwamba uzito huwekwa kando, kisha huulizwa: kama mabondia wote wangekuwa na umbo moja na kilo zile zile, nani angekuwa fundi kuliko wenzake?

Swali hilo likiulizwa Afrika Mashariki, jina la Robert Napunyi Wangila haliwezi kukwepwa. Ni Mkenya wa uzito wa welter aliyetwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul, Korea Kusini, mwaka 1988, na kufariki dunia mjini Las Vegas, Marekani, Julai 1994, kabla hajatimiza miaka 27.

Wapo wanaomweka juu ya mabondia wote waliopata kutokea katika ukanda huu. Wapo pia wanaomshusha hadi nafasi ya nne au ya tano, nao hawakosi hoja.

Wangila alizaliwa Septemba 3, 1967, jijini Nairobi. Alikua wakati ngumi za Kenya zikiheshimiwa barani kote, lakini zikiwa na jeraha lake. Nchi hiyo ilisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 na ile ya Moscow mwaka 1980 kwa sababu za kisiasa, na kizazi kizima cha mabondia kikapita bila kuionja michezo hiyo.

Mmoja wa walioumizwa na uamuzi huo ni Stephen Muchoki, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa mwaka 1978 katika uzito mdogo kuliko yote. Anayepanga ubora kwa kuhesabu medali za Olimpiki humwacha Muchoki nje ya orodha, ingawa hakuna aliyemshinda ulingoni kumnyima medali hizo. Alishindwa na barua za wakubwa.

Kenya ilirejea katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, ambako Ibrahim Bilali alipata medali ya shaba katika uzito wa fly. Miaka minne baadaye ikaja zamu ya Wangila.

Alipanda ulingoni Seoul wiki chache tu baada ya kutimiza miaka 21. Silaha yake kubwa ilikuwa uzito wa ngumi zake. Alisonga hatua kwa hatua hadi nusu fainali, na hapo bahati ikamwangukia: mpinzani wake, Jan Dydak wa Poland, hakuweza kupigana, na Mkenya huyo akapita bila kurusha ngumi.

Wanaomshusha Wangila hawaachi kuitaja nusu fainali hiyo. Husema kwamba dhahabu iliyopatikana kwa kuruka ngazi moja haiwezi kulingana na ile ya aliyepigana hadi mwisho.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama fainali ingekuwa ya kubahatisha, lakini haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa Oktoba 1988, Wangila alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, kijana fundi aliyekuwa amemtoa Mmarekani Kenneth Gould, na akammaliza kwa KO katika raundi ya pili.

Kwa ushindi huo, Wangila alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ngumi ya Olimpiki akiwakilisha nchi ya Afrika. Dhahabu zote za bara hili zilizotangulia zilikuwa za mabondia weupe wa Afrika Kusini. Kenya ilirudi nyumbani na dhahabu tano, nne zikiwa za wanariadha Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi, na ya tano ikiwa yake. Mwenzake wa uzito wa kati, Chris Sande, alipata shaba. Hadi sasa hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki katika ngumi.

Hata hivyo, Wangila hakutangazwa bondia bora wa Seoul.

Katika Olimpiki za zama hizo ilikuwa ikitolewa tuzo ya Val Barker, ambayo ilikuwa aina ya ratili kwa ratili ya ngumi za ridhaa. Mabondia wa uzito wote waliwekwa katika kapu moja na kuchaguliwa mmoja aliyeonyesha ufundi zaidi. Mwaka 1988 tuzo hiyo alipewa Roy Jones wa Marekani, aliyetoka Seoul na medali ya fedha.

Jones alikuwa amemchakaza Mkorea Park Si-Hun katika fainali ya uzito wa light middle, lakini majaji watatu kati ya watano wakampa ushindi mwenyeji. Uamuzi huo ulibaki kuwa moja ya aibu kubwa za mchezo huo. Tuzo ya Val Barker ilimpooza machungu, na ni vigumu kutenganisha sehemu ya tuzo iliyotoka kwenye ufundi wake na ile iliyotoka kwenye huruma.

Kisa hicho kina ndugu yake miaka ishirini nyuma, na kwa wakazi wa Manyara mwaka huo si mgeni. Ni Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968, ambayo mkoani hapa hukumbukwa kwa jina la John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza mbio za marathoni akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bandeji baada ya kuanguka njiani.

Katika michezo hiyo hiyo, Mkenya Philip Waruinge wa uzito wa unyoya, yaani kilo 57, aliishia nusu fainali baada ya kushindwa na Antonio Roldan, kijana wa nyumbani Mexico. Waruinge akabaki na shaba, lakini tuzo ya Val Barker ikawa yake. Aliwapita mabingwa wote wa mwaka huo, akiwamo George Foreman aliyetwaa dhahabu ya uzito wa juu.

Hapo ndipo ubishi wa Afrika Mashariki unapochemka. Kwa mizani ya medali, Wangila yuko juu ya Waruinge bila mjadala. Kwa mizani ya ufundi usiojali uzito, Waruinge ana cheti ambacho Wangila hakupata kukishika. Tena Waruinge alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola mara mbili, mwaka 1966 na mwaka 1970, na akarudi Olimpiki ya Munich mwaka 1972 kuchukua medali ya fedha.

Ikiwa swali ni nani alikuwa mwalimu wa ulingo, jibu la haki ni Waruinge. Lakini tuzo yake, kama ile ya Jones, ilikuja baada ya kushindwa mbele ya mwenyeji, na wote wawili walitegemea macho ya watu waliokaa kando ya kamba. Wangila hakumwachia jaji yeyote kazi ya kuamua fainali yake. Katika mashindano yaliyochafuliwa na karatasi za majaji, hilo si jambo dogo.

Mizani ya ratili kwa ratili yenyewe ilipata umaarufu kupitia jina la Sugar Ray Robinson, Mmarekani aliyetawala uzito wa welter kuanzia mwaka 1946, kisha akampokonya Jake LaMotta ubingwa wa uzito wa kati Februari 1951. Waandishi wa zama hizo walijua kwamba Robinson hawezi kumpiga bingwa wa uzito wa juu, lakini waliamini hakuna aliyemzidi kwa kipaji. Wakahitaji namna ya kulisema hilo, wakaipata.

Hata Robinson alikutana na mpaka wa kilo. Juni 1952, katika joto kali la New York, alipanda kumkabili bingwa wa light heavy, Joey Maxim. Alikuwa akiongoza kwa pointi, lakini joto likamzidi na akashindwa kuinuka kwa raundi ya 14. Ufundi ulikuwepo, mwili ukakataa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 jarida la The Ring la Marekani lilianza kuchapisha orodha ya kudumu ya ubora huo, Mike Tyson akiwa wa kwanza kileleni. Tyson alipoangushwa na Buster Douglas mjini Tokyo Februari 1990, kiti hicho kikamwangukia Julio Cesar Chavez wa Mexico.

Ni katika kipindi hicho ambapo Wangila aliingia ngumi za kulipwa. Alianza mwaka 1989 nchini Marekani, na huko akakuta mchezo mwingine kabisa. Seoul alipigana raundi tatu akiwa na kofia ya kujikinga kichwani. Huku kofia haikuwepo, raundi zilikuwa nane, kumi au kumi na mbili, na ngazi ya kupanda ilishikwa na mapromota.

Alishinda mapambano mengi kuliko aliyopoteza, mengi yao kwa KO, lakini vipigo kadhaa vilimrudisha nyuma kila alipokaribia mlango. Uzito wa welter wa miaka hiyo haukuwa na huruma. Pernell Whitaker aliuchukua ubingwa wa WBC Machi 1993, na Septemba mwaka huo akamkabili Chavez mjini San Antonio katika pambano lililotangazwa sare, ingawa wengi waliona Whitaker ameshinda. Vigogo wawili wa orodha ya ratili kwa ratili walikuwa wakigombana ndani ya chumba ambacho Wangila alikuwa bado anabisha hodi.

Hakupata kugombea ubingwa wa dunia, na hapa Waganda huingia katika mjadala wakiwa na mikanda mikononi. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa WBA wa light middle mwaka 1979. Cornelius Boza-Edwards alitwaa ubingwa wa WBC mwaka 1981. John Mugabi, aliyekuwa ameambulia fedha ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 katika uzito ule ule wa welter, alikuja kuwa bingwa wa WBC wa light middle mwaka 1989.

Mugabi ndiye kipimo kigumu zaidi kwa Wangila. Hakuna haja ya kuweka kilo kando, kwa kuwa Olimpiki walipigana uzito mmoja. Mmoja alipata fedha kisha mkanda wa dunia, mwingine dhahabu kisha kaburi. Anayempa Mugabi nafasi ya juu hakosei hesabu.

Watanzania nao wana kumbukumbu yao katika mizani hii. Titus Simba alipata medali ya fedha ya uzito wa kati katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, akishindwa fainali na Mwingereza John Conteh. Miaka minne baadaye Conteh akawa bingwa wa dunia wa light heavy. Simba hupandishwa hadhi na mafanikio ya mtu aliyemfunga. Kwa mantiki hiyo hiyo, aliyemfunga bingwa wa baadaye anastahili zaidi.

Julai 22, 1994, Wangila alipanda ulingoni Las Vegas kumkabili David Gonzalez. Katika raundi ya tisa mwamuzi Joe Cortez alilisimamisha pambano. Wangila alilalamika kwamba bado ana uwezo wa kuendelea, kisha akaondoka ulingoni kwa miguu yake.

Alianguka akiwa chumba cha kubadilishia nguo na kupoteza fahamu. Alikimbizwa hospitali kwa majeraha ya ubongo, lakini Julai 24 akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Yule mwamuzi aliyelaumiwa na Wangila kwa kumwahi, mtu anaweza kusema kwamba alichelewa. Lakini hilo laonekana leo, si usiku ule, na katika ngumi mpiganaji anayesimama wima na kubishana huwadanganya hata mabingwa wa kuamua.

Kifo hicho kiliifunga rekodi yake katika hali mbaya kuliko zote, kwa kuwa mstari wa mwisho ni wa kushindwa. Orodha za ubora hupenda maisha marefu. Chavez alipewa miaka ya kusahihisha makosa yake, Jones alipewa zaidi ya miaka ishirini ya ngumi za kulipwa, Robinson alipigana hadi mwaka 1965. Wangila alipewa mitano, na sehemu kubwa ya hiyo aliitumia kujifunza mchezo ambao haukufanana na ule aliouacha Seoul.

Boudouani naye aliendelea. Agosti 1996, miaka miwili na mwezi mmoja baada ya msiba wa Las Vegas, Mfaransa huyo aliyepigwa KO na Wangila alimshinda Julio Cesar Vasquez wa Argentina na kuwa bingwa wa dunia wa WBA wa light middle. Alikaa na mkanda huo hadi Machi 1999, alipovuliwa na Mmarekani David Reid.